Nani Atailinda Tovuti Baada ya Mkandarasi Kuondoka?

Mwaka huu nimeketi mara tatu na kikundi kimoja cha wavuvi na wafanyabiashara wa dagaa hapa Kigoma, kilichoniomba ushauri. Wanataka tovuti ambayo mvuvi wa Kibirizi, Katonga au Ilagala ataweza kuripoti kwa siri uporaji wa injini na nyavu ziwani. Kila anayeishi kando ya Tanganyika anajua kwa nini neno "siri" limo katika ombi hilo. Aporaye usiku huenda mchana anakaa mtaa mmoja na aliyeporwa. Jina la mtoa taarifa likivuja, atakayeumia si fundi wa kompyuta; ni mtu ambaye kesho jioni lazima arudi majini.

Vikao vyote vitatu vimeliwa na swali moja: tovuti iandikwe kwa lugha gani ya upande wa seva? Hiyo ndiyo lugha ya maagizo yanayotekelezwa kwenye kompyuta inayohifadhi tovuti, nje ya macho ya mtumiaji, mahali nywila zinapohakikiwa na hifadhidata inapoulizwa. Kijana mmoja mwerevu anataka Node.js kwa sababu ni ya kisasa. Mzee mmoja, mtumishi mstaafu, anataka Java kwa hoja kwamba benki zinaitumia. Mimi nilipotaja PHP, walicheka.

Kicheko hicho kina sababu. PHP, iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1994 kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, ilikua bila malezi. Kwa miaka mingi ilikuwa na mpangilio ulioitwa register_globals, uliomwezesha mgeni kupenyeza thamani ndani ya programu kwa kuiandika tu kwenye anwani ya ukurasa. Mpangilio huo ulianza kuja ukiwa umezimwa mwaka 2002, ukaondolewa kabisa katika toleo la 5.4 mwaka 2012. Amri za kale za kuzungumza na hifadhidata ya MySQL, zilizowaponza wengi, ziliondolewa katika toleo la 7.0 mwishoni mwa 2015. Tangu 2013 lugha hiyo ina amri yake yenyewe ya kuhifadhi nywila kwa namna isiyosomeka. Kuihukumu PHP ya leo kwa makosa ya miaka ile si haki.

Na hao wanaosifiwa? Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147. Mfumo uliovunjwa ulitumia Apache Struts, fremuweki ya Java, lugha ileile ya mabenki. Kasoro ilikuwa imetangazwa na kiraka chake kutolewa mwezi Machi. Wezi waliingia Mei. Mwaka uliofuata, katika ulimwengu wa Node.js, mwenye maktaba iitwayo event-stream aliikabidhi kwa mtu asiyemfahamu, naye akapachika ndani yake msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali. Katika visa hivyo viwili lugha haikuwa na hatia. Kilichokosekana ni mtu wa kuangalia.

Wanafunzi wangu wanalijua jaribio langu la neno ng'ombe. Fungua tovuti yoyote yenye kisanduku cha kutafutia, andika ng'ombe, kisha bonyeza. Ukurasa ukitoa lugha ya ajabu ya makosa ya hifadhidata, kuna uwezekano mkubwa kwamba mlango uko wazi. Ile alama ndogo ya juu katika ng' ndiyo hiyohiyo inayotumika kufunga maneno katika amri za SQL. Programu iliyoandikwa kizembe hudhani kwamba maneno yamekwisha baada ya ng, na kwamba ombe ni sehemu ya amri. Asiye na nia mbaya atapata ukurasa wa makosa. Mwenye nia mbaya ataandika amri kamili mahali pa ombe, na hifadhidata itamtii, kama karani wa ghala anayetekeleza kila kilichoandikwa kwenye hati bila kujali mwandiko umebadilika katikati. Dawa yake ni ya zamani: amri itumwe peke yake, na kilichoandikwa na mtumiaji kitumwe peke yake, ili jina libaki jina hata likiwa na alama gani. PHP inaweza hivyo, Python inaweza, Java inaweza. Mwandishi mzembe huacha kufanya hivyo katika lugha zote tatu.

Hapa lazima nikiri jambo. Nimewahi kutoa alama ya A kwa mradi wa mwanafunzi ambao ungeanguka kwa neno ng'ombe. Ulikuwa na rangi nzuri na ulifanya kazi siku ya kuwasilishwa, nami nilikuwa na miradi mingine mingi ya kusahihisha. Mwanafunzi huyo leo anatengeneza tovuti za watu.

Kwa hiyo sababu yangu ya kuchagua PHP, katika toleo ambalo bado linahudumiwa na kwa fremuweki kama Laravel, haitokani na mapenzi. Vijana ninaowafahamu hapa mjini, wanaoshughulikia tovuti za shule na maduka, wengi wao wanaijua. Tovuti ikileta matata siku ya Jumamosi, yupo wa kupigiwa simu ambaye anaweza kufika Kibirizi kwa bodaboda. Jirani zetu wa Kenya walianzisha Ushahidi mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, ili wananchi waripoti vurugu walizoziona. Programu yao iliyosambaa katika nchi nyingi baadaye iliandikwa kwa PHP. Nao walikuwa wakipokea maneno ambayo yangeweza kumponza aliyeyatuma.

Lakini hata lugha hiyo huzeeka. Toleo la 7.4 liliacha kupewa viraka vya usalama Novemba 2022, na tovuti iliyobaki nalo haitoi dalili yoyote kwa mwenyewe. Inafunguka vizuri kila asubuhi. Mkandarasi amekwisha kulipwa, bango la mradi limepauka, na hakuna ajuaye nywila ya seva iko kwa nani.

Katika kikao cha tatu niliomba kuiona fomu yenyewe ya kuripoti. Ilidai jina kamili, namba ya simu, namba ya kitambulisho cha NIDA na mwalo anakotokea mvuvi. Niliuliza namba ya NIDA ni ya kazi gani. Mtu mmoja akajibu kwamba fomu zote huwa nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi mahususi na zisizidi kiasi kinachohitajika. Hata bila sheria, mwizi hawezi kuiba jina ambalo halikuandikwa. Tulibishana saa nzima, tukaifuta NIDA, tukalifanya jina kuwa la hiari. Simu imebaki, kwa kuwa wanataka kumpigia mtoa taarifa, nami bado sijaridhika nayo.

Wiki hii nimeletewa rasimu ya zabuni. Lugha imeandikwa: PHP. Gharama za kutengeneza zimeandikwa, za mafunzo zimeandikwa, hata chakula cha siku ya uzinduzi kimetengewa fedha. Mstari wa matunzo ya mwaka wa pili na wa tatu uko wazi. Nimeirudisha rasimu bila kuitia saini, na nimewaomba kikao cha nne.