Majaliwa si Kisingizio

Wako watu wasemao kwamba mwanadamu ni unyoya mbele ya upepo: aandikiwalo ndilo limpatalo, na kujitahidi ni kujisumbua bure. Huitaja hadithi ya Oedipus, mfalme wa Thebes, kuwa ushahidi wao. Nataka, ewe msomaji kijana, uwakatalie.

Kweli, katika mchezo wa Sophocles, mtunzi wa Uyunani wa karne ya 5 kabla ya Kristo, Oedipus alitabiriwa kumwua babaye na kumwoa mamaye, na ikawa. Lakini mchezo hauanzi na utabiri huo. Waanza na tauni. Mji unakufa, na raia wamekuja kumlilia mfalme. Je, alisema kuwa hayo ndiyo majaliwa ya mji? La. Alituma mjumbe, akaita mashahidi, akauliza swali juu ya swali; na alipoombwa aache, alikataa. Utabiri wa kale ulitaja kuua na kuoa, haukutaja kuuliza. Kuuliza kulikuwa kwake mwenyewe.

Sasa tazama Homa Bay na Migori. Ukimwi ulitambuliwa katika Kenya mwaka 1984. Mtu alipokonda na kudhoofu, wengi walisema ameshikwa na chira, maradhi ambayo Waluo huamini humpata mtu aliyevunja kwer, yaani miiko. Wakamtafutia manyasi, dawa ya mitishamba. Mwaka 1999 serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa, na makaburi yalikuwa yamekwisha kuwa mengi.

Siwadharau wazee. Chira haikuwa fundisho la majaliwa. Ilifundisha kwamba tendo lina matokeo, na kwamba kosa la mmoja huweza kuwafikia watoto wake. Hayo Sophocles angaliyaelewa upesi. Kosa lilikuwa kusimama hapo, bila ya kuuliza zaidi.

Upande wa pili wako mahakimu wasioteuliwa na mtu, wasemao kuwa kila mgonjwa amevuna alichopanda. Nao pia wamepotoka. Mtoto aliyezaliwa na virusi alipanda nini? Mke aliyemwamini mumewe je? Oedipus mwenyewe, katika mchezo wa mwisho wa Sophocles, alijitetea kwamba alitenda bila ya kujua, na utetezi wake ni wa haki. Hatia ni jambo moja, wajibu ni jambo jingine. Asiye na hatia hata kidogo aweza kuwa na wajibu mkubwa: kujua hali yake, kujitunza, na kuwalinda wenzake.

Tena wajibu wetu ni mwepesi kuliko wake. Kweli aliyoitafuta Oedipus ilimvunja; kweli ipatikanayo kwa kupimwa huokoa. Mwenye virusi amezaye dawa zake kila siku, hata virusi visionekane tena katika vipimo vya damu yake, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Na mama atunzwaye vema huweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Hata hivyo kaunti hizi mbili zimo bado miongoni mwa zile zenye kiwango kikubwa kabisa cha maambukizo katika Kenya.

Basi umsikiapo mtu akisema kwamba imeandikwa, usibishane naye juu ya mambo ya mbinguni. Mwulize kama amekwenda kupimwa. Na kama anaogopa, mwandamie njia.