Fedha katika Kitabu cha Shukrani

Anayetaka kujua Imamu Ghazali alisema nini juu ya fedha asiishie kwenye milango ya biashara. Maneno yake mazito kabisa yamo katika kitabu cha 32 cha *Ihya Ulum al-Din*, kitabu cha subira na shukrani, katikati ya mazungumzo ya kisufi. Anaeleza hapo kwamba dinari na dirhamu hazina faida kwa dhati yake: haziliwi wala hazivaliwi. Zimeumbwa ziwe hakimu baina ya mali za watu, na ni kama kioo kisicho na rangi ambacho huonyesha rangi ya kila kitu. Anayezirundika amemfunga hakimu gerezani, watu wakakosa wa kuwaamua. Anayezilia riba amezifanya bidhaa, nazo hazikuumbwa kwa hilo. Wote wawili wameikufuru neema.

Toleo hili limetokana na swali moja: kwa nini aliyasema hayo pale? Tunavyoona sisi, kwake riba ilikuwa jambo la Aya, la soko na la moyo kwa wakati mmoja, na ukiliondoa mojawapo hoja yote inaanguka.

Leo elimu hiyo tumeigawa. Watu wa twariqa wana nyiradi zao, watu wa tafsiri wana darsa zao. Wataalamu wa benki za Kiislamu, ambazo Kenya inazo tangu 2008, wanashughulika na murabaha, yaani mauzo ya faida iliyotajwa, na masharti yake. Wenye kuzungumza siasa wanataja shura na uadilifu, na ni nadra kumsikia mmoja wao akiuliza kiburi humfanya nini mtawala. Hatusemi ubingwa ni kosa. Ghazali naye aliandika *al-Mustasfa*, kitabu cha usuli cha mabingwa hasa. Tunacholalamikia ni kwamba hawa hawasomani, na kwamba mkataba unaweza kupita kila sharti la fiqhi huku aliyeutia saini akibaki mrundikaji yule yule.

Maisha yake yanaonyesha mambo hayo yalivyoshikamana. Alizaliwa Tus mwaka 1058. Mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk alimpa kiti cha ualimu katika madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, cheo ambacho wanachuoni wengi wa zama zile walikitamani. Mwaka uliofuata waziri huyo aliuawa. Mwaka 1095 ulimi wa Ghazali ulimgomea, akashindwa kusomesha, akaondoka Baghdad. Alipofika al-Khalil, Palestina, penye kaburi la Nabii Ibrahim, aliweka ahadi ya kutopokea mali ya mtawala, kutokwenda barazani kwake na kutoingia katika mijadala ya kushindana. Wasimulizi wengi huiita toba ya sufi. Ilikuwa toba kweli, na ilikuwa pia msimamo wa kisiasa wa mtu aliyejua posho yake ilitoka wapi. Ndiyo maana kitabu cha 14 cha *Ihya*, cha halali na haramu, kinazichunguza hazina za masultani wa zama zake na kuihukumu sehemu kubwa ya mali yao kuwa haramu. Na katika kitabu cha kwanza anauliza kwa nini miji mingi ina wanafiqhi tele na haina tabibu Mwislamu hata mmoja, ilhali utabibu nao ni faradhi ya kutosheleza. Sababu anaitaja bila kumwonea haya mtu: fiqhi humfikisha mtu kwenye wakfu, mali za mayatima na ukadhi.

Hatumwandiki kama maasumu. Mwaka 1106 alirudi kusomesha, huko Nishapur, kwa agizo la waziri Fakhr al-Mulk, mwana wa Nizam al-Mulk, na wapo waliomuuliza ahadi yake iko wapi. Hadithi dhaifu katika *Ihya* ni nyingi pia. Al-Hafidh al-Iraqi, aliyefariki 1404, alizifuatilia moja moja akaeleza daraja zake. Alikihudumia kitabu kwa kukikosoa, na hatujui heshima kubwa zaidi kwa mwanachuoni.

Pwani yetu iliipokea *Ihya* kwa mikono ya masharifu wa Hadhramaut, na haikukosa watu wa upana huo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha gazeti la *al-Islah* mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947. Kalamu yake ilifasiri Qur'ani, ikawaandikia watoto masomo ya dini, ikawauliza Waislamu kwa nini wanaachwa nyuma katika elimu na mali. Wanaomkumbuka leo kwa kupinga bidaa peke yake wanamdhulumu.

Makala za toleo hili zimepangwa kwa makusudi bila kufuata fani: tasawwuf inafuatwa na soko, tafsiri inafuatwa na utawala. Ombi letu ni kwa walimu wa darsa za misikitini. Mkimaliza kitabu cha subira na shukrani, msifunge *Ihya*. Rudini kwenye kitabu cha 13, cha kuchuma na maisha, kinachosema kwamba kupitisha dirhamu moja mbovu ni kubaya kuliko kuiba mia, kwa kuwa mwizi humaliza dhambi yake na sarafu mbovu huendelea kuzunguka baada ya kufa aliyeipitisha. Kisomesheni mbele ya wafanyabiashara, na mtuandikie waliyoyajibu.