Ng' Si Herufi ya Ajabu

Kuna sentensi moja fupi inayonikera kuliko zote kwenye tovuti zetu: "Jina lako lina herufi zisizokubalika." Zisizokubalika na nani? Mtu ni Ng'ang'a tangu azaliwe, kitambulisho kinasema Ng'ang'a, cheti cha shule kinasema Ng'ang'a, halafu fomu ya basari inataka ajiite Nganga. Akikubali, kesho ataambiwa majina hayalingani. Akikataa, fomu haiendi. Na mwisho wa kutuma ni leo saa sita usiku.

Wanaprogramu wana jina la kistaarabu la mambo haya: herufi maalum. Maalum kwa nani, jamani? Kwa Kiswahili ritifaa si pambo. Ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni wivu na tamaa. Ukiifuta umeandika neno lingine.

Sawa, linki ina sheria zake. Baada ya alama ya kuuliza, & hutenganisha taarifa moja na nyingine, na + husomwa na seva nyingi kama nafasi tupu. Ndiyo maana simu inayoanza na +254 hufika ikiwa imepoteza kichwa, na duka la "Mama Njeri & Wanawe" hufika likiwa Mama Njeri peke yake. Wana wamebaki njiani.

Lakini dawa iko, tena ya kitambo. JavaScript ina encodeURIComponent tangu toleo la tatu la ECMAScript, 1999, wakati wengi wetu tulikuwa tunanyonya ama hatujazaliwa. Unaipa kila thamani kivyake kabla ya kuibandika kwenye linki: & inakuwa %26, + inakuwa %2B, ũ ya Gĩkũyũ inakuwa %C5%A9, na upande wa pili zinafunguliwa zikiwa vilevile. Usitumie encodeURI hapo; hiyo ni ya anwani nzima, inaacha & na + zilivyo. Na escape, ile ya kizee inayogeuza ũ kuwa %u0169, iacheni ipumzike.

Hapo ndipo msee wa IT anakuja na kisingizio: "Lakini encodeURIComponent haigusi ritifaa!" Kweli, haigusi, kwa sababu ndani ya linki ritifaa haina shida. Kama kitu kimevunjika, kimevunjika kwingine: umebandika jina moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, ama umefunga linki kwa nukuu moja kwenye HTML. Manze, tovuti inayoangushwa na Ng'ang'a imewaachia wezi mlango wazi, maana wadukuzi huanza kujaribu na ritifaa hiyohiyo. Badala ya kufunga mlango, unamwambia mwenye jina abadilishe jina!

Tenganisha amri na data. Ukitaka ritifaa nayo isimbwe, kuigeuza %27 ni mstari mmoja. Kisha, kabla ya kumtumia mteja ankara, jaza fomu yako mwenyewe: Ng'endo, Nyong'o, Mũthoni, na simu yenye +254 mbele.