Kusajili Watu Siyo Kuuza

Ndugu mkulima, ndugu mwenye duka,

Siku hizi kuna swali naulizwa kuliko hata swali la salfa: "Afisa, kampuni ya programu ya simu inamtaka kijana wangu awe afisa mauzo wao hapa kijijini. Akubali?" Wengine ni wenye maduka waliofuatwa wao wenyewe. Jibu langu ni fupi: kama malipo yake ni kwa kila jina analoandika, akatae. Najua litawaudhi baadhi yenu, maana ajira hazipo na fulana mpya ni fulana. Ila nisikilizeni kwanza.

Mwaka juzi nilikuwa na kikao cha ubwiri unga katika kijiji kimoja upande wa Newala. Kijana mwenye adabu zake, mtoto wa kijiji jirani, akaniomba dakika kumi aeleze huduma ya kampuni yake: ujumbe wa hali ya hewa, bei za mazao, na kuwaunganisha wakulima na wanunuzi "moja kwa moja". Nikampa. Hilo ni kosa langu na nimeshawaomba radhi waliohusika. Kabla jua halijazama alikuwa ameandika watu 64: jina, namba ya simu, namba ya NIDA, idadi ya mikorosho. Kila jina shilingi 1,000. Ujumbe ulikuja kama miezi miwili, kisha kimya. Namba ya huduma kwa wateja ikawa haipokelewi. Mwezi wa kumi mama mmoja akanisimamisha gulioni: "Afisa, yule mtu wako yuko wapi?"

Mtu wangu! Sikuwa na la kujibu. Na yule kijana naye alikuwa akipiga namba ile ile, anadai kamisheni ya mwezi wa mwisho. Mpaka leo akienda Newala mjini anazunguka njia ya mbali ili asipite kijiji kile.

Sasa tazama mchezo ulivyo. Kampuni changa ya teknolojia mara nyingi haili kwa mauzo yake. Inakula kwa mitaji ya watu walio mbali, na watu hao wanataka kuona namba zinapanda kila mwezi. Kupata mteja anayelipa ni kazi ndefu, kupata jina ni kazi ya dakika tano. Basi wananunua majina. Huku kwetu biashara ya namna hiyo tunaijua: mtu anakuja wakati huna kitu, ananunua kwa kipimo chake na kwa bei yake, thamani unaiona baadaye ikiwa mkononi mwake. Hii ni kangomba ya majina, na anayetumwa kushika kipimo ni mtoto wako.

Watasema kila kampuni huanza hivyo. Si kweli. M-Pesa unayoitumia ilianza kwa majaribio nchini Kenya mwaka 2005, kwa mawakala wachache na wateja wasiozidi mia chache. Lengo la mwanzo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Waliopewa wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, jambo ambalo halikuwa shabaha ya mradi. Waliousimamia wakaliona na kulifuata, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2008 Vodacom wakaileta Tanzania. Wangekuwa wanahesabu majina tu, wangebaki na mfumo wa marejesho ambao wewe na mimi tusingeusikia.

Kazi ya muuzaji wa mwanzo ni hiyo: kurudisha habari. Na habari za kwetu zipo tele. Pesa ya mkulima huku inaingia na minada, kuanzia mwezi wa kumi. Ukimdai ada ya kila mwezi, mwezi wa tatu hana, na mwezi wa saba akiwa nayo inaishia kwa vibarua, petroli na mashine ya kupulizia. Korosho ghafi inapita chama cha msingi, inakwenda ghala kuu, inauzwa mnadani, na tangu msimu wa 2024/2025 mnada unapita kwenye mfumo wa TMX. Anayekuahidi mnunuzi wa korosho wa moja kwa moja ama hajui au anakudanganya. Tena wengi wetu tuna kitochi. Mwenye duka yeyote wa Kitangari au Ndanda angewaeleza haya kwa bei ya chai na chapati. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu fomu haina nafasi ya kuandika "wamekataa, na sababu ni hii".

Wenye maduka nanyi msikilize. Kenya kulikuwa na kampuni inaitwa Copia, ilianza mwaka 2013, ikiwauzia watu wa vijijini bidhaa kupitia wenye maduka waliokuwa mawakala wake. Haikuwa ya kitapeli, mizigo ilifika. Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi kwa kukosa fedha. Naitaja kwa sababu hata kampuni ya kweli, yenye mitaji mikubwa, huanguka. Ikianguka, ofisi ipo Nairobi au Dar es Salaam. Wewe upo dukani, na waliokuamini wanapita mlangoni kila asubuhi.

Sisemi mkatae teknolojia. Mimi mwenyewe nawaandikia kwa simu. Nasema mpange bei ya jina lenu. Kijana aombe mshahara wa msingi hata kama ni mdogo, na kamisheni ilipwe mteja anapolipa mara ya pili kwa hiari yake, siyo anapoandikwa. Mkataba uwe wa maandishi, useme kampuni ikifunga nani anawajibu wateja. "Tutaweka sawa baadaye" siyo mkataba. Na wewe unayeandikwa, uliza namba yako ya NIDA inakwenda kufanya nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze kusudi lake. Akibabaika, rudisha kitambulisho mfukoni.

Kikao kijacho cha upuliziaji nitakitangaza kupitia kwa mtendaji. Mwenye kampuni akija anakaribishwa kukaa nyuma na kusikiliza. Dakika kumi za kuongea atazipata nikishausoma mkataba wa kijana wake, mbele ya mwenyekiti wa kijiji.