Asidi ya Kisukari kwa Watoto: Ubongo Ndio wa Kuchungwa

Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza anapokosa insulini, mwili wake hushindwa kutumia sukari, hugeukia mafuta, na mafuta hayo huzalisha ketoni zinazoijaza damu asidi. Hali hiyo huitwa ketoasidosisi. Mtoto huona kiu kali, hukojoa sana, hukonda, hutapika, na hupumua kwa kina na kasi. Kwa kuwa dalili hizo hudhaniwa kuwa malaria au nimonia, kila mtoto anayepumua hivyo au aliyelegea anastahili kupimwa sukari papo hapo.

Hatari inayotisha zaidi ni uvimbe wa ubongo. Huwapata wachache, takribani mmoja kati ya mia, lakini huua au kuacha ulemavu wa kudumu. Hapa ndipo haraka inapokosa baraka. Kuiona asidi kama moto wa kuzimwa kwa bikaboneti ni kosa: utafiti wa Nicole Glaser na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001, ulionesha kuwa watoto waliopewa dawa hiyo walikabiliwa zaidi na uvimbe huo. Maji hurejesha mzunguko wa damu, insulini huzuia ketoni, na asidi hupungua yenyewe. Insulini nayo ianze walau saa moja baada ya dripu, bila dozi ya mkupuo.

Hofu ya maji nayo isizidi kipimo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 haukuona kuwa kasi ya dripu au kiasi cha chumvi ndani yake hubadili kwa dhahiri hali ya ubongo. Mtoto aliyekaukiwa asinyimwe maji. Apewe kwa hesabu.

Kinachookoa ni jicho lisilosinzia. Fahamu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vikaguliwe kila saa, hasa katika saa 12 za mwanzo. Kichwa kikianza kuuma, usingizi ukizidi, mapigo yakipungua huku shinikizo likipanda, manitoli au maji ya chumvi ya asilimia 3 yatolewe mara moja, bila kungoja picha ya kichwa.

Mzazi aliye kando ya kitanda ni mlinzi pia: akisema mwanawe amebadilika, asikilizwe. Na nyumbani, insulini isiachwe kamwe, hata siku mtoto anapougua na kukataa chakula. Siku hiyo apimwe sukari mara nyingi zaidi na ushauri wa kituo cha afya utafutwe mapema.