Fensi Ikitembea Hai Jalaba, Andika Barua Kabla ya Kumpigia Mjomba

Sisi vijana tukikaa hapa Kakuma jioni tunaongea vita, siasa za Juba na nani amepata kusafirishwa ng'ambo. Lakini ukisikiliza simu ambazo wazazi wetu wanapigiwa kutoka nyumbani, nyingi ni za kitu kidogo zaidi: hatua tatu za ardhi. Jirani amesogeza fensi. Hiyo ndiyo habari inayomfanya mama akose usingizi wiki nzima.

Chukua Hai Jalaba. Ni mtaa wa siku nyingi katikati ya Juba, na jina lenyewe linakumbusha wale majalaba, wafanyabiashara waliotoka kaskazini mwa Sudan. Watu wamehama na kurudi pale mara nyingi. Kuna waliokimbia vita vya 1983 hadi 2005, wakarudi baada ya mkataba wa amani. Kuna waliotoroka Disemba 2013, na wengine Julai 2016. Kila watu walipoondoka, kuna jirani alibaki, au mgeni aliyekimbia kwao akajihifadhi pale. Ndiyo maana ploti moja leo inaweza kuwa na watu watatu, na wote watatu wanaamini kabisa ni yao: mmoja ana karatasi ya zamani, mwingine alijenga baada ya 2005, wa tatu aliilinda miaka yote hiyo ambayo wenyewe hawakuonekana. Tusidhani kila anayesogeza fensi ni mwizi. Wengine ni wezi, ndiyo, na wanajijua.

Fensi nayo haihami siku moja. Mianzi inaoza, jirani anasema ngoja nikusaidie kuweka mipya, na ile mipya inaingia kwako nusu hatua. Mwaka unaofuata anaweka mabati, yanaingia tena kidogo. Halafu unasikia ameleta matofali. Mianzi inang'olewa na watu wawili asubuhi moja, bila hasara ya maana. Ukuta ukishasimama, hata mzee wa haki kabisa atasita kuamuru ubomolewe, kwa sababu sasa kuna pesa ya mtu mle ndani. Kwa hiyo tunasema: pinga wakati bado ni mianzi. Ukingoja mpaka urudi nyumbani ndipo useme, umechelewa. Sheria ya Ardhi ya 2009 iliwapa haki ya kudai wale waliopoteza ardhi kwa sababu ya vita vilivyoanza 1983, lakini iliwapa miaka mitatu tu ya kuleta madai. Wengi wetu tulikuwa watoto, hata hatukusikia kuna saa inayohesabu.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mjomba. Karibu kila familia ina mjomba au binamu aliyevaa sare. Simu ya kwanza inaenda kwake, si kwa chifu. Anakuja jioni na wenzake wawili, fensi inarudi mahali pake usiku uleule. Tunaelewa kwa nini watu wanafanya hivyo. Baraza linachelewa, linataka ada, na kuna siku unaenda unaambiwa chifu amesafiri. Mjomba hachelewi. Lakini jirani naye ana mjomba. Fensi iliyorudishwa kwa bunduki itasogezwa tena kwa bunduki iliyo kubwa zaidi, na safari hiyo mtu anaweza kufa kwa ajili ya mabati. Halafu watu wanasema ni vita vya kikabila, kumbe kilianza na mpaka.

Mlango wa kwanza ni chifu wa mtaa, yule ambaye watu wa kule wanamwita sultani. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2009 inatambua mahakama za kimila, na kwa mjini kuna mahakama ya benchi, ambapo machifu hukaa pamoja kusikiliza. Wasiporidhika watu, kuna mahakama ya kaunti yenye hakimu wa serikali. Tatizo ni kwamba wengi wanaenda mdomo mtupu. Wanalia, wanaeleza tangu babu alipozaliwa, wanatukana kidogo, wanarudi nyumbani. Hakuna kilichoandikwa. Mwezi ujao chifu amebadilishwa, mnaanza upya.

Barua moja fupi inabadilisha mambo. Wewe ni nani, ploti nambari ngapi, bloku gani, fensi ilikuwa wapi na sasa iko wapi, ilihama lini, nani aliona. Chora, hata kama hujui kuchora: mti, choo, mlango, na hatua ngapi kutoka mti hadi fensi. Mwisho omba kitu kimoja tu, wapimaji waje na mpaka wa zamani uonyeshwe. Usichanganye na deni la mahari na mbuzi aliyekula mboga. Tengeneza nakala mbili, moja wakugongee muhuri wenye tarehe, urudi nayo. Hata kama jirani ni mtu mkubwa na machifu wanamwogopa (hilo lipo, hatutadanganya), ule muhuri unaonyesha kwamba ulipinga mapema, na hakuna atakayesema ulinyamaza, kwa hiyo ulikubali.

Kuhusu kupima, tunadhani wenzetu wa jirani wanatushinda. Hapa Kenya, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema mahakama isisikilize kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mipaka haijaamuliwa na msajili. Tanzania tangu 2021 baraza la kata kazi yake ni kusuluhisha, na lina siku 30. Likishindwa, mnaenda baraza la wilaya. Si kwamba kule kila kitu ni safi. Ila mtu anajua mlango gani unafuata na lini. Juba tunahitaji hilo: pima kwanza, bishana baadaye, na siku ziwe na hesabu.

Neno kwa akina mama, na kwa wale wanaowazuia. Mjane akienda kulalamika anaulizwa, wapi kaka wa marehemu? Katiba ya Mpito ya 2011, kifungu cha 16, inasema mwanamke ana haki ya kumiliki mali na kupata sehemu yake katika mali ya marehemu mumewe. Haisemi aje na shemeji. Kijana unayesindikiza mamako, kaa nyuma, yeye ndiye aongee. Anaijua ile fensi kukuliko.

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, tunawaheshimu, lakini mkisikia ugomvi wa fensi mnaandika "mgogoro mdogo wa majirani" halafu mnafunga daftari. Mtu hawezi kurudi kwao ikiwa hajui atalala upande gani wa mabati. Msituandikie barua kwa Kiingereza chenu kigumu, mtu akiulizwa mbele ya chifu hajui alichosaini. Tusaidieni nauli ya shahidi mzee, nakala, na mtu wa kufuatilia faili.

Wenye ploti Hai Jalaba au mtaa mwingine wowote wa Juba, leteni karatasi zenu, hata zilizolowa na kupasuka. Tutazipiga picha na kukaa na kila mtu aandike barua yake kwa maneno yake. Asiye na karatasi alete majina ya majirani wa zamani, na wako wapi sasa. Wengine wako hapahapa Kakuma, bloku ya pili, na bado hamsalimiani.