Njia za milima ya Bweremana zina wenyewe

Bweremana haihitaji gari ili mtu afike mlimani. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1460 hivi juu ya usawa wa bahari, barabara ya Goma kwenda Minova inapita kando ya maji, na mlima unaanza nyuma ya nyumba za mwisho. Anayepanda upande wa Ngungu anapita kwanza kwenye ndizi na mihogo, kisha maharagi na mahindi. Akivuka mita 2000 anakuta viazi, baridi, na malisho ya ng'ombe. Akigeuka nyuma, ziwa lote liko chini ya miguu yake, na kisiwa cha Idjwi mbele.

Kwa hiyo si ajabu kwamba wazo la kuleta watalii wa kutembea kwa miguu katika milima ya Masisi halikufa. Kabla vita havijarudi, wafanyakazi wa mashirika na wakaaji wengi wa Goma walikuwa wakipanda Masisi mwisho wa juma, wanalala huko, wanarudi Jumapili na foromaji kwenye begi. Safari ya siku tatu au nne kutoka ziwani hadi kwenye malisho inawezekana kabisa. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, mvua inapopungua. Mgeni atahitaji mabote kuliko viatu vya bei kali, koti la mvua, blanketi nzito. Ugonjwa wa kimo hausumbui sana huku: kwa kawaida kichwa huanza kuuma mtu akivuka mita 2500, na hii si Nyiragongo yenye mita 3470, wala Rwenzori yenye 5109.

Mwili wa mgeni, basi, si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba katika mipango hii kila kitu kinahesabiwa, hema, chakula, picha, isipokuwa wenye njia.

Lisemwe wazi kabla ya yote: leo si wakati wa kumpandisha mgeni yeyote juu ya Bweremana. Februari 2024 mapigano ya Shasha yalikata barabara ya Goma, na wachuuzi wa Minova wakabaki na ziwa peke yake. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova na watu kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma ikiwa inaonekana kabisa. Makumi ya watu walikufa. Januari 2025 vita vilipita Minova na Bweremana, kisha Sake, kisha Goma. Mahali pa mapigano panabaki mabomu yasiyolipuka, na anayeacha njia ili apige picha nzuri anaweza kuyakanyaga. Halafu kuna bariere. Shirika la Ubelgiji IPIS, katika uchunguzi wa mwaka 2017, lilihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili, na sehemu kubwa ilikuwa ya kutoza watu makuta. Mama mwenye kikapu cha maharagi anajua hesabu hiyo bila kusoma ripoti.

Kuna watakaouliza: watu wamelala njaa, wengine hawajarudi vijijini, nani ana nafasi ya kuongea habari za likizo? Swali ni la haki. Lakini linajibika kwa swali lingine. Mipango ya ardhi, katika Masisi, iliwahi kungoja wenyewe warudi?

Historia inajibu. Mashamba makubwa ya wakoloni, baada ya uamuzi wa Mobutu wa Novemba 1973, yaliingia mikononi mwa wachache waliokuwa karibu na utawala, na mengi yakawa malisho yenye senyenge. Sheria ya ardhi ya mwaka huohuo ilisema udongo wote ni mali ya serikali. Juu ya ardhi ya mila iliahidi amri ya rais. Miaka mingi ilipita bila amri hiyo, na mkulima akabaki analima mahali alipozaliwa bila karatasi, huku jirani yake mwenye ng'ombe ana karatasi na hayupo. Mengi ya mabaya yaliyofuata yalianzia hapo. Anayechora leo ramani ya matembezi kutoka Bweremana, akiwa amekaa Goma au Ulaya, anachora juu ya ardhi hiyohiyo.

Na hapa kuna jambo ambalo wapangaji wengi hawalioni. Mifano wanayoitaja karibu yote ni ya mbuga. Nyiragongo, kabla ya kufungwa, ilikuwa na utaratibu: kibali cha dola 300, walinzi kutoka Kibati, vibanda juu kwenye ukingo. Hata hivyo shauri la usalama lilifunga Mbuga ya Virunga kwa watalii kuanzia Mei 2018 hadi Februari 2019, Covid ikaifunga tena 2020, na tarehe 22 Mei 2021 mlima wenyewe ukalipuka. Rwanda imeweka katika utaratibu wake kwamba sehemu ya mapato ya mbuga, asilimia 5 tangu 2005 na 10 tangu 2017, inarudi kwa wanaokaa kandokando. Lakini juu ya Bweremana hakuna mbuga. Hakuna geti, hakuna tiketi, kwa hiyo hakuna asilimia ya kugawa. Mgeni atapita katika shamba la huyu, malisho ya yule, kisima cha kijiji cha tatu. Pasipo mapatano, atakayekula ni mwenye senyenge au mwenye bunduki. Wengine watabaki na nyayo za mabote kwenye viazi vyao.

Hata palipo na mbuga, mbebaji alikumbukwa mwisho. Kilimanjaro ndio mlima unaotajwa na kila mtu katika Afrika Mashariki. Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889, nyuma yake msururu wa wapagazi. Shirika la kutetea wapagazi wa mlima huo, KPAP, lilianza 2003, zaidi ya miaka 100 baadaye. Leo mzigo wa mpagazi umewekewa mpaka wa kilo 20 na unapimwa. Ilichukua karne nzima kukubali kwamba mgongo wa mtu una mwisho!

Masisi haina sababu ya kungoja karne. Wapagazi wake wapo tayari: ni wanawake wanaoshuka kila siku ya soko na viazi au makala, kamba kwenye kipaji, na vijana wa chukudu wanaojua kila jiwe la barabara. Wanaijua njia wakati wa mvua na wakati wa ukungu. Wanajua pia mteremko upi ni mbaya, jambo lisilo dogo katika milima hii: mwezi wa Mei 2023, maji na udongo vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, na watu zaidi ya 400 wakafa. Kiongozi wa safari asiyetoka kijiji husika hawezi kujua mambo hayo kwa kutazama simu.

Kwa hiyo mpango wenye heshima ungeanza na vikao, kijiji kwa kijiji, na wakaaji wote waliorudi, wanaume na wanawake, siyo shefu peke yake na siyo mwenye malisho peke yake. Pangekubaliwa kwa maandishi njia inapita wapi, nani anaongoza kutoka mpaka upi hadi mpaka upi, mbebaji analipwa ngapi kwa siku na anabeba kilo ngapi. Makuta ya kupita yangesomwa mbele ya watu, kwa mfano siku ya salongo, ili yaende kwenye daraja la miti linalochukuliwa na maji kila mwaka, au kwenye zahanati. Kijiji kinachokataa, kikataliwe kupitwa, bila vitisho. Kazi hiyo haihitaji ndege wala mtalii. Inahitaji daftari, muda, na watu wa mashirika ya raia ambao bado wanaaminiwa pande zote.

Kuna kipimo kimoja rahisi. Katika njia nyembamba za juu ya Bweremana, anayepanda mikono mitupu husimama pembeni, anayeshuka na mzigo apite. Mpango wowote wa matembezi utakaoletwa mbele ya wakaaji, waangalie kwanza kama mgeni ndani yake anasimama pembeni, au kama mama wa viazi ndiye anaombwa asubiri.